Picha Zilizofunguliwa, Faida Iliyoenea

Ninapanga matumizi bora ya ardhi vijijini, na sasa nafanya kazi Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Mkulima wa mpunga na mfugaji wanapogombania eneo, swali halichelewi kuja: miaka ishirini iliyopita hapa palikuwa na nini? Kila upande huleta wazee wake. Mimi huleta picha za Landsat. Picha hazisemi ardhi ni ya nani, lakini zinaonyesha palikuwa pori, shamba au kinamasi, na kuanzia hapo mkutano wa kijiji husonga mbele.

Landsat ni setilaiti za serikali ya Marekani. Ya kwanza ilirushwa Julai 1972. Leo Landsat 8 na 9 zikishirikiana hupita juu ya eneo lile lile kila baada ya siku 8, na nukta moja ya picha hufunika mita 30 kwa 30.

Zamani picha hizo ziliuzwa. Moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600, na hata mwaka 2001, mauzo yalipokuwa mazuri kabisa, wastani ulikuwa kama picha 53 kwa siku. Mwaka 2008 shirika la serikali linalozitunza, USGS, likaanza kuifungua akiba yake yote bila malipo. Baada ya muda mfupi watu wakawa wanachukua maelfu ya picha kila siku.

Bei ilipoondoka, kazi yenyewe ilibadilika. Anayelipia kila picha hununua moja tu isiyo na mawingu, na masika bonde letu hufunikwa na mawingu kwa wiki nyingi. Anayepewa bure huchukua picha za miaka yote, kisha programu ikaokota vipande visivyo na wingu na kuviunganisha. Mwaka 2013 Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake walitumia picha zaidi ya 650,000 kuchora ramani ya misitu iliyopotea na iliyoota duniani kati ya 2000 na 2012. Kwa bei ya zamani wangehitaji karibu dola milioni 400. Ramani hiyo leo imo katika tovuti ya Global Forest Watch, ambako yeyote anaweza kuutazama msitu wa kwao. Huko Idaho, jimbo la Marekani, maofisa wa maji hutumia vipimo vya joto vya setilaiti hizo kukadiria maji yanayotumiwa na mashamba ya umwagiliaji.

USGS ilikadiria kwamba mwaka 2017 pekee watumiaji walinufaika kwa dola bilioni 3.45. Hakuna duka la picha ambalo lingeiletea serikali faida hiyo. Imetokana na watu wengi kuuliza maswali ambayo waliozirusha setilaiti hawakuyafikiria.

Ndiyo maana hali yetu inaniuma. Picha za setilaiti ya Marekani nazipata usiku huu huu. Takwimu za mvua iliyopimwa wilaya jirani naziombea kwa barua, na pengine nadaiwa ada. Majina ya wenye ardhi na siri za watu zilindwe. Lakini vipimo vya mvua, vina vya mito na mipaka ya vijiji viwekwe wazi, katika mafaili ambayo kompyuta inaweza kuyasoma. Mwananchi amekwisha kuvilipia kwa kodi yake. Asiuziwe mara ya pili.