Hakuna Dawa ya Kukumbuka

Muhula wa tatu ukianza, swali huanza nao. Hunijia kwa simu, hunijia nje ya kanisa, hunijia pale Sio Port nikisubiri kupimiwa omena: “Mwalimu, kijana wangu anasoma sana lakini hashiki. Nimpe dawa gani?” Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo nawajibu nyote kwa pamoja. Hakuna. Si ya maji, si ya vidonge, si ya mizizi kutoka ng’ambo ya mpaka, wala si ile chupa yenye picha ya mtoto aliyevaa joho.

Isomeni lebo kabla ya kutoa pesa. Nyingi ya chupa hizo hubeba vitamini za kundi B, sukari, rangi na ladha ya chungwa. Mtoto anayekula ugali, mboga, maharagwe na samaki huwa anazipata vitamini hizo chakulani, na sehemu kubwa ya zinazozidi hutoka kwa mkojo. Mnanunua mkojo wa bei ghali. Chupa nyingine zina mafuta ya samaki, na hapo ndipo huwa nacheka peke yangu: mtu anaishi kando ya Ziwa Victoria, halafu anaagiza samaki ndani ya kopo! Haya, omega-3 inayosifiwa ndani ya mafuta hayo imepimwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, watafiti wa Oxford waliwapa omega-3 hiyo watoto wa miaka saba hadi tisa, wakaona dalili kwamba waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma walipiga hatua. Wauzaji wakashangilia. Mwaka 2018 matokeo ya jaribio la pili, lililofanywa kuhakikisha la kwanza, yalichapishwa, na ile faida haikuonekana tena. Habari hiyo ya pili haijabandikwa kwenye chupa yoyote niliyoiona. Majani ya ginkgo nayo yalijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 ili kuona kama yatazuia ubongo kuchakaa. Jibu lilitoka mwaka 2008: hayakuzuia.

Lakini kwa nini niende Oxford, na ushahidi mzito kuliko huo uko hapa nyumbani? Kuanzia 1998, shule 75 za msingi za Funyula (Samia) na Budalang’i (Bunyala), hapa Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, zilipewa dawa ya minyoo kwa zamu, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia kilichotokea. Matokeo waliyachapisha mwaka 2004. Utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo, jambo kubwa sana kwa kidonge cha bei rahisi. Ila alama za mitihani hazikupanda. Someni tena sentensi hiyo polepole. Hii ilikuwa dawa ya kweli, ya ugonjwa wa kweli, iliyowafikia watoto wa Samia na Bunyala, pengine nyinyi wenyewe mnaonisoma mlikuwa kwenye foleni ile. Iliwatoa kitandani ikawarudisha darasani. Kichwani haikutia chochote. Sasa maji ya sukari ya mchuuzi wa basini yatafanya nini?

Mtaniambia kuhusu mtoto wa jirani aliyekunywa chupa mbili akapanda kutoka nambari ishirini hadi ya nane. Sikatai kwamba alipanda. Nawauliza kingine: wiki ile aliyonunuliwa chupa, nani alianza kukagua madaftari yake? Nani alimwondolea kazi ya kuanika omena jioni? Nani alimlaza mapema? Mzazi akishatoa pesa huanza kufuatilia, na mtoto akifuatiliwa hujikaza. Sifa zote huchukuliwa na chupa. Isitoshe, aliyeanguka vibaya muhula uliopita huwa anapanda kidogo muhula unaofuata hata asipopewa kitu, na waliokunywa wasipande hakuna anayewasimulia. Na kichwa cha samaki ngege, mnachosema kinaongeza akili, kileni kwa sababu ni kitamu.

Turudi kwenye lile neno “anasoma sana”. Nikienda kuangalia, namkuta mtoto amekumbatia daftari, anapitia ukurasa uleule kwa sauti mara kumi. Anaujua kwa macho. Ukifunga daftari ukamwuliza, hana kitu, na mzazi anadhani akili inavuja. Haivuji, hajawahi kuizoeza kutoa kilichoingia. Watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima jambo hili, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma kifungu wakakirudia kukisoma waliwashinda kidogo wenzao baada ya dakika tano. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliosoma mara moja kisha wakajaribu kukiandika bila kuangalia walikumbuka asilimia 56. Mtihani hauji baada ya dakika tano.

Na sisi mchezo wa kufanya hivyo tunao tangu zamani, tumeuacha kwa sababu haukuja kwenye chupa. Kitendawili! Tega! Nina mdomo lakini sili, ubavu wangu mmoja Kenya na wa pili Uganda, namnywesha Victoria. Mto Sio. Kitendawili! Tega! Mimi pia nakaa mpakani, lakini maji yangu hayamjui Victoria, yanakwenda Kyoga. Mto Malaba. Watoto huichanganya mito hiyo miwili kila mwaka, na vitendawili viwili vinamaliza mkanganyiko huo. Akishindwa, mnajua sheria: atoe mji. Basi mji huo uwe makao makuu ya kaunti ambayo hakuitaja jana. Amekumbuka mara mbili na bado anadhani anacheza. Mwacheni naye atunge, maana kutunga kunamlazimu aelewe.

Tarehe za uhuru huwasumbua watoto wa mpakani kuliko wengine, kwa kuwa wanasikia sherehe za pande zote mbili. Wafundisheni “TUKapata uhuru”: Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Sayari nazo, shule nyingi hutumia sentensi ya Kiingereza kuhusu mama msomi, na mtoto ambaye Kiingereza chenyewe bado kinampiga chenga anakariri vitu viwili badala ya kimoja. (Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada katika shule za Busia na Teso, wastani wa alama haukupanda, walifaidi waliokuwa tayari wanaongoza, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakukimudu.) Mpeni ya Kiswahili: “Zawadi zako dada: mihogo, mumi, zambarau, unga, nanasi.” Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Akisahau Z ipi inatangulia mwanzoni, afuate kamusi: Ze kabla ya Zu, na vivyo hivyo Mi kabla ya Ms. Yenu wenyewe ikiwa ya kipuuzi zaidi, itashika zaidi.

Mengine kwa haraka, nafasi inaisha. Siku za miezi: aihesabu miezi juu ya ngumi, kifundo ni siku 31, bonde ni pungufu, na Julai na Agosti zote ziko juu ya kifundo. Orodha ndefu: mtoto aitembeze njiani. Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki aziweke kutoka lango la shule hadi ufukweni, Somalia ikae kwenye mtumbwi kwa kuwa iliingia mwisho, kisha arudi nyumbani kichwani akiziokota. Kurudia: leo, kesho kutwa, wiki ijayo, dakika kumi tu kila mara; usiku mzima kabla ya mtihani hauna faida. Kulala: alale. Ubongo hupanga mambo ya mchana mtu akiwa usingizini, na mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri kila siku ananyang’anywa kazi hiyo. Hesabu za mara: ziimbwe, lakini mara moja moja mkatizeni katikati, “saba mara nane?”, maana anayejua wimbo tu lazima aanzie mwanzo.

Mbinu hizi zinabeba majina, tarehe na orodha. Hazitamweleza mtoto kwa nini mto unatiririka upande ule, hiyo ni kazi ya mwalimu. Na kama mtoto anasinzia darasani kila siku, amepauka, anakojoa au kunya damu, anapata homa za mara kwa mara au anaukaribia ubao ndipo aone, mpelekeni hospitali wiki hii akapimwe malaria, kichocho, upungufu wa damu na macho. Huyo ni mgonjwa, na kumwongezea masomo ni kumwonea.