Je, Wajua? Mguu Unaopanda Hauna Kazi ya Kuvuta

Mtazame muuza mkaa anavyopanda kilima na magunia mawili nyuma ya baiskeli isiyo na gia. Ameinuka kitini, ananyonga kwa uzito wa mwili mzima. Mguu wa kulia ukishuka, baiskeli inachupa mbele. Pedali ikifika chini kabisa, baiskeli inataka kusimama. Kisha zamu ya mguu wa kushoto.

Siri iko kwenye duara la pedali. Simama upande wa kulia wa baiskeli, ulifikirie duara hilo kuwa uso wa saa. Pedali ikiwa juu kabisa, penye namba 12, ukiikandamiza chini haizunguki. Unaukandamiza mhimili tu. Ikifika penye 3, pale tunapoita saa tisa, mkono wa pedali umelala sambamba na ardhi, na kila kilo unayokanyagia inageuka mzunguko. Penye 6 nguvu inapotea tena. Kutoka 6 kurudi 12 mguu unapanda, na hapo ndipo penye ubishi.

Kwa miaka mingi wanamashindano walifundishwa "kuchora duara": funga kiatu kwenye pedali, kanyaga ukishuka, vuta ukipanda. Ushauri huo unaingia akilini. Lakini mwaka 2007 Thomas Korff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima waendesha baiskeli 8, wote wakitoa wati 200 kwa mizunguko 90 kwa dakika. Kila mmoja alinyonga kwa mtindo wake wa kawaida, kisha kwa kuchora duara, kwa kuvuta juu, na kwa kukazania kusukuma chini. Walipovuta, sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya mguu ilikwenda kwenye kuzungusha pedali, ila mwili ulitumia nishati zaidi kwa kazi ile ile. Kuchora duara nako hakukuwaongezea nafuu yoyote juu ya mtindo wao wa kawaida.

Kwa nini? Mguu mmoja wa mtu wa kilo 60 una takriban kilo 10. Unaopanda unainuliwa na uzito wa unaoshuka, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Ukiuvuta kwa makusudi, unaibebesha misuli ya nyonga kazi isiyoizoea, huku ile mikubwa ya paja na makalio, iliyoumbwa kusukuma, ikipunguziwa zamu.

Penye faida zaidi ni kasi ya mzunguko. Kwa mkono wa pedali wa milimita 170, wati 200 kwa mizunguko 60 hudai msukumo wa wastani wa kilo 19 hivi. Kwa mizunguko 90, kilo 13 tu. Kuzungusha haraka hula oksijeni zaidi kidogo, lakini huipumzisha misuli, ndiyo maana wanamashindano wengi hukaa karibu na 90. Chris Froome, mwanamashindano wa baiskeli mzaliwa wa Nairobi, alipowaacha wenzake kwenye mlima Ventoux, Ufaransa, Julai 2013, hakuinuka kitini: aliketi, miguu ikienda kama cherehani.

Muuza mkaa hana gia ya kumruhusu hayo. Anachoweza ni kupandisha kiti hadi goti libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini, na kuutia mnyororo mafuta, maana mnyororo safi hupoteza nguvu kidogo sana. Kuhusu kuvuta, asijali. Katambuga zake zimekaa tu juu ya pedali, hazikufungwa popote. Hata angetaka kuvuta asingeweza. Amekuwa akisukuma chini miaka yote, na hapo hana cha kujifunza kwa mwenye viatu vya mashindano.