Mashine za Kukatakata Matawi: Nguvu za Injini Pekee Hazitoshi

Katika miji ya Uingereza, mafundi wanaopogoa na kuangusha miti iliyo karibu na nyumba au barabara huitwa wapasuaji wa miti. Kazi yao haimaliziki tawi linapofika chini. Matawi ya mti mmoja mkubwa yaweza kujaza lori, ingawa sehemu kubwa ya mzigo huo ni hewa tupu iliyo kati ya vijiti. Kwa sababu hiyo mafundi hao huvuta nyuma ya gari lao mashine ya kukatakata matawi, ambayo hugeuza rundo zima kuwa vibanzi vidogo vinavyolala pamoja bila kuacha nafasi kubwa. Vibanzi hivyo hutandazwa bustanini ili kuhifadhi unyevu wa udongo, au huwa kuni za matanuri.

Haja ya mashine hizi imeongezeka tangu mwaka 2012, ulipogunduliwa nchini humo ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya jamii ya Fraxinus excelsior, ijulikanayo huko kwa jina la ash. Mti uliougua hukauka na kuwa mwepesi kukatika. Kwa hiyo ulio kando ya barabara aghalabu hulazimika kuangushwa. Mwenye kununua mashine kwa kazi ya namna hiyo hutazama kwanza nguvu za injini. Lakini kipimo hicho hakielezi namna mashine ikatavyo, wala namna isimamavyo.

Sahani na mcheduara

Mfugaji aliyewahi kutumia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ataielewa upesi mashine ya sahani. Visu hufungwa juu ya uso wa sahani nzito ya chuma inayozunguka, na tawi huletwa kwenye uso huo kwa mshazari. Mbele ya visu kuna chuma kisichosogea, kiitwacho fuawe, ambacho hulishikilia tawi linapokatwa. Kisu hukata nyuzi za mti kwa kukingama, kisha unene wake husukuma kipande mpaka kikapasuka kwa kufuata nyuzi. Kila kisu hulikuta tawi kwa pembe ile ile. Ndiyo maana vibanzi vya sahani hulingana kwa umbo.

Mashine ya namna ya pili hutumia mcheduara, yaani silinda, ambayo visu vyake hulala sambamba na mhimili wake. Hapa tawi nene hukutana na kisu kwa pembe zinazobadilika toka juu hadi chini; vibanzi havilingani sana, na mtikisiko huzidi. Lakini mcheduara una faida ya kijiometri. Katika mashine ya sahani, mdomo unaopokea tawi sharti ukae upande mmoja wa mhimili, kwa hiyo ni lazima uwe mdogo kuliko nusu kipenyo cha sahani. Mdomo wa mcheduara waweza kuwa mpana sawa na urefu wa mcheduara wenyewe. Matawi yenye panda nyingi huingia humo bila kupunguzwa kwanza kwa msumeno.

Nishati iliyowekwa akiba

Mtu aliyetazama cherehani anajua kwamba gurudumu lake huendelea kuzunguka hata mguu ukipumzika. Sahani ya mashine hufanya kazi hiyo hiyo. Tuchukue mfano wa sahani yenye uzito wa kilo 100 na nusu kipenyo cha mita 0.4, inayozunguka mara 1,000 kwa dakika. Momenti yake ya inesha ni nusu ya 100 × 0.4 × 0.4, yaani 8. Nishati mwendo yake ni karibu jouli 44,000.

Tawi nene linapoingia, kasi ikashuka hadi mizunguko 900, nishati inayobaki ni karibu jouli 35,500. Kasi imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini nishati imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano, kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi. Jouli 8,300 hivi zimetumika kukata mti. Zikitumika kwa muda wa nusu sekunde, ni sawa na kuongezewa injini ya kilowati 16 na zaidi kwa muda huo mfupi. Kwa hiyo mashine mbili zenye injini sawa zaweza kutofautiana sana kazini, ikiwa moja ina sahani nzito na nyingine nyepesi.

Hata hivyo uzito una gharama yake. Nchini Uingereza trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na mashine nyingi zenye mdomo wa milimita 150 zimeundwa kutovuka mpaka huo. Kila kilo inayoongezwa kwenye sahani sharti ipunguzwe kwenye injini, fremu au sehemu nyingine.

Kulisha na kusimamisha

Mashine za kisasa huwa na rola zenye meno, zinazozungushwa kwa shinikizo la mafuta, ambazo hulivuta tawi kwa kasi maalumu. Rola zikivuta mita 20 kwa dakika, na sahani yenye visu viwili ikizunguka mara 1,000, kunakuwa na mikato 2,000 kwa dakika; kila kibanzi huwa na urefu wa milimita 10. Nyingi zina pia kifaa kinachopima kasi ya sahani. Kasi ikishuka kupita kiasi, rola husimama zenyewe mpaka sahani irejeshe nishati yake, kisha huendelea. Fundi anayeacha visu vibutuke huilazimisha mashine kusimama hivyo kila mara, na hupoteza mafuta bure.

Rola hizo hizo ndizo chanzo cha hatari kubwa kuliko zote. Zikivuta mita 30 kwa dakika, hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Mkono ulionaswa na kijiti umbali wa mita moja toka kwenye rola utazifikia kwa sekunde mbili tu. Katika muda huo mtu sharti atambue hatari, aamue la kufanya, na augonge upau wa kusimamishia. Ndiyo sababu hori la kulishia hufanywa refu kupita mkono, na upau huo huwekwa mahali ambapo mwili au mguu waweza kuufikia. Baadhi ya mashine za zamani za mcheduara hazikuwa na rola. Visu vyenyewe vilivuta tawi, na hapakuwa na kitu cha kusimamisha mvuto huo. Nchini Marekani, mashine za kukatakata matawi ziliua wafanyakazi 31 kati ya mwaka 1992 na 2002, na wengi wao walivutwa ndani.

Yafaa ieleweke pia kwamba upau husimamisha rola, wala hausimamishi sahani. Hata injini ikizimwa, zile jouli 44,000 bado zimo, na sahani huendelea kuzunguka mpaka msuguano uzimalize. Kifuniko kisifunguliwe kabla ya hapo.

Basi, katika kulinganisha mashine mbili, nguvu za injini ni swali la kwanza tu. Yafuatayo ni haya: mdomo unafaa matawi ya namna gani? Sahani au mcheduara huweka akiba nishati kiasi gani? Visu hunolewa kwa urahisi gani? Na muhimu kupita yote: mtu aliyenaswa ataweza kuifikia njia ya kuisimamisha kwa sekunde alizo nazo? Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi hesabu hizi wazirudie kwa sahani ya kilo 60. Wataona akiba ikipungua kwa kadiri ile ile, ingawa bado inatosha kumdhuru vibaya anayefungua kifuniko kwa haraka.