Shikamoo kwenye mkia wa kila kitenzi

Mama muuzaji aligeuza chapati ya choroko kwenye mafuta, akamtazama kijana aliyeketi mbele yake, akamuuliza: "Deo jwo?" Nikuongeze? Kijana, Mtanzania ambaye bado ni mgeni Seoul, akajibu kwa furaha ya mtu aliyeelewa swali: "Eung, deo jwo!" Mama akasita, mwiko mkononi. Halafu akacheka, akamwongeza kipande. Mwalimu wa kijana, aliyebanana nami kwenye benchi, hakucheka.

"Amemwambia bibi yake 'marahaba'," alininong'oneza kwa Kiswahili.

Hapo ni Soko la Gwangjang, lililopo tangu 1905. Kwenye vibanda vya bindaetteok, yaani chapati hizo, choroko zilizolowekwa husagwa mbele ya mteja kwa jiwe linalozungushwa na umeme. Rojo lake huchuruzika ndooni, likatiwa chipukizi za choroko, kisha likamwagwa kwenye bamba la chuma lililojaa mafuta. Mvuke unapanda, watu wanakula bega kwa bega, na chakula huagizwa kwa mdomo. Ndiyo sababu mwalimu huyu, Mkorea aliyesomea Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Hankuk na aliyeniomba nisimtaje jina, huwaleta hapa wageni anaowafundisha Kikorea cha mazungumzo.

Mama hakukosea. Yeye ni mkubwa, kijana ni mdogo, kwa hiyo alikikata kitenzi mkia wa heshima. Kijana alipaswa kujibu "Ne, deo juseyo". Badala yake akamrudishia mama maneno yake mwenyewe. Na kosa si lake peke yake. Kila anayefundisha lugha husema: sikiliza, kisha iga.

"Kwetu ukimwiga mkubwa umeshaharibu," anasema mwalimu. "Namwambia mwanafunzi amsikilize mama, lakini amwige yule mtoto anayemjibu mama."

Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki, anasema, heshima wanayo tangu nyumbani. Kupokea kitu kwa mikono miwili hawafundishwi. Kinachowachosha ni kwamba heshima hii haina mapumziko. "Ninyi mnatoa shikamoo mara moja mlangoni, imekwisha. Baada ya hapo 'kula' ni 'kula' tu, kwa bibi na kwa rafiki. Shikamoo yetu inakaa kwenye mkia wa kila kitenzi mpaka mnaagana."

Ndiyo maana Wakorea huulizana mapema mwaka wa kuzaliwa, swali ambalo mgeni huliona ni umbea. Juni 2023 sheria iliondoa hesabu ya zamani ya umri katika shughuli za serikali, watu wakapungua mwaka mmoja au miwili kwenye karatasi. Swali lenyewe bado lipo. Bila jibu lake hujui umalize sentensi vipi.

Herufi si tatizo. Hangul ya Mfalme Sejong, iliyotangazwa mwaka 1446, ina herufi za msingi 24, na mwenye bidii huzimaliza kwa siku chache. Tatizo ni tamthilia. Walioshiba tamthilia za kale wanajua kumwita mfalme "jeonha", ila hawajui kuomba maji. Wa tamthilia za mapenzi ni hatari zaidi: wamejifunza lugha ya wapenzi wanaojibizana bila heshima yoyote, basi wanaingia benki na kuongea na karani kana kwamba wameamka naye kitanda kimoja.

Hata kumwita muuzaji ni mtihani. Ukimwita "ajumma", yaani mama wa makamo, anaweza kukununia siku nzima. "Imo", yaani mama mdogo, ni tamu katika vibanda kama hivi, ila itoke kwa mtu anayejua kuitumia. Mwalimu huanza na "sajangnim", bosi, hata kwa mwenye meza moja na sufuria mbili. Bosi hakasiriki.

Lakini sehemu za kuitana namna hiyo zinapungua. Katika migahawa mingi ya Seoul siku hizi unabonyeza skrini mlangoni au mezani, unalipa, unakula, unaondoka bila kumwambia mtu neno. Na wale wanaoongea, hasa vijana wa migahawa ya kahawa, wameizidisha heshima mpaka walimu wa sarufi wanalalamika: wanaipa hata kahawa yenyewe kitenzi cha heshima inapokuwa tayari. "Kikombe kinapewa shikamoo," anasema mwalimu, na hapo ndipo alipocheka.

Nilimuuliza swali lililokuwa likinikereketa tangu kile kicheko cha mama. Mkubwa akimkatia mdogo mkia wa kitenzi, ni mapenzi au ni dharau?

Alikaa kimya kidogo. Sokoni, alisema, ni mapenzi. Mama huyu angemwambia hivyohivyo mjukuu wake. Kisha akanieleza habari za viwandani, wanakofanya kazi wageni wengi kutoka nchi za Asia. Huko msimamizi wa miaka 25 humsemesha mtu wa miaka 40 bila mkia wa heshima, kutwa kucha, na mgeni hudhani hicho ndicho Kikorea. Anakijifunza hivyohivyo. Siku atakapoingia darasani na kuelewa mikia ya vitenzi, ataelewa pia jinsi alivyokuwa akisemeshwa muda wote huo.

"Wengine hukasirika na mimi," alisema. "Wananiuliza kwa nini nimewaambia."

Anawajibu nini? Huwafundisha kumjibu msimamizi kwa heshima kamili, kila sentensi, labda atapata aibu. Wako waliofanikiwa. Wako walioambiwa wanajifanya wasomi. Kijana wetu, ambaye anatafuta kibarua cha kiwandani kwa ajili ya likizo, alikuwa akitusikiliza huku akifuta mafuta vidoleni. Akamgeukia mwalimu, akauliza kama kuna namna ya kumkosoa mtu aliye juu yako kazini lakini mdogo kwako kwa umri.

Mwalimu alisema sentensi ipo, na sarufi yake haina kasoro. Ila hajawahi kumsikia mtu akiitumia.