Kuchagua Kichwa cha Semi-tela (2): Kutoka Lusahunga Hadi Rusumo

Mnunuzi wa kichwa cha kuvutia semi-tela huanza kwa kuuliza nguvu za farasi. Muuzaji humjibu 420 au 480, na bei hupanda papo hapo. Kwa gari litakalofanya kazi njia ya Rusumo na Kabanga, swali hilo lingoje kwanza. Aulize difu: moja au mbili?

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, haitazami uzito wa jumla peke yake, bali hupima hata ekseli. Ekseli ya usukani imepewa tani 8. Difu moja yenye matairi manne ina tani 10, difu mbili zinazofuatana zina tani 18, na ekseli tatu za tela zina tani 24. Ukijumlisha, gari la difu moja linaishia tani 42 na la difu mbili tani 50. Sasa toa uzito wa gari lenyewe. Kichwa cha difu mbili na tela lake, vikiwa vitupu, ni kama tani 16. Cha difu moja hupungua tani moja na nusu hivi. Wa difu mbili amebakiwa na nafasi ya tani 34, mwenzake 27 na ushei. Kontena la futi 40 lililojazwa hadi kikomo chake hufikia tani 30.48. Mwenye difu moja akilipakia hilo bandarini, amekwisha kuvunja sheria kabla hajatoka Dar es Salaam, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 1,300 zenye mizani.

Watetezi wa difu moja husema inakula mafuta kidogo. Ni kweli, na kwenye tambarare za Singida na Shinyanga sina ubishi nao. Ubishi unaanza ukishapita Nyakanazi na Lusahunga, ukaelekea Nyakahura na kuingia Ngara. Hapo barabara hupanda na kushuka. Mji wa Ngara uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mto Kagera pale Rusumo uko chini ya mji kwa mamia ya mita. Mvua ikinyesha na tope la udongo mwekundu likaburutwa na matairi hadi kwenye lami, kinachosukuma gari ni ule uzito tu ulioikalia difu. Kwenye difu moja, hiyo ni tani 10 kati ya 42, yaani chini ya robo. Kwenye difu mbili ni zaidi ya theluthi. Tairi lisiposhika, hata farasi 600 watazungusha gurudumu mahali pamoja. Na anayefikiria kazi za upande wa Rulenge, huko kwenye nikeli, asinunue difu isiyo na loki.

Nguvu ya injini huonekana kwenye mpando, lakini mimi ningeihofia zaidi ile safari ya kushuka. Tani 50 kwenye mteremko wa asilimia 6 zinasukuma mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 3. Kila zinaposhuka mita 100 kwa wima, hutoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Dereva akitegemea kanyagio la mguu peke yake, joto hilo lote linaingia kwenye ngoma na viatu vya breki, na breki iliyounguzwa haishiki. Ndiyo maana nasema nunua breki ya injini kabla ya kununua farasi. Egzosti breki ya kawaida, yenye kilowati 150 hivi, itauzuia mzigo huo kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Ile inayobana hewa ndani ya silinda, yenye kilowati 300, inaweza kuuzuia hata kwenye 40. Zote mbili hazina kazi kwa dereva anayeweka gia nyutro ili abanie dizeli.

Hapo ndipo vichwa vingi vya mtumba kutoka Ulaya vinapotuponza. DAF, Scania au Volvo iliyotengenezwa kwa barabara kuu za Uholanzi mara nyingi ni ya difu moja, na meno ya difu yake yamepangwa kwa mwendo wa kilomita 85 kwa saa. Ukiileta hapa itapanda kilima kwa gia za chini kabisa huku klachi ikinuka. Muulize muuzaji uwiano wa difu. Kwa kazi hii, 2.6 ni gari la tambarare; ukipata inayokaribia 4, anza kuzungumza bei.

Daraja la zamani la Rusumo lilikuwa likipitisha lori moja moja, na foleni ikawapumzisha madereva watake wasitake. Tangu jipya lifunguliwe Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, gari linaweza kushuka hadi mtoni na kuanza kupanda upande wa Rwanda muda si mrefu baada ya forodha, breki zikiwa bado za moto. Mnunuzi aombe basi kulijaribu gari likiwa na mzigo, na alijaribu kwa kushuka.

Wiki ijayo: sahani ya kuunganishia tela na kingpini, na wale wa Biharamulo wanaotaka kuvuta tela la ng'ombe kwa Hilux.