Je, Wajua? Mkoromo Nao Una Kisu Chake

Je, wajua kwamba mkoromo mara nyingi hauanzii puani bali kooni? Usingizi ukikolea, misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hubana, na hewa inayopenya kwa shida hutikisa kaakaa laini pamoja na kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Kwenye nyumba ya kupanga isiyo na dari pale Buhongwa, Mwanza, koo la mpangaji mmoja huwakesha wote.

Je, wajua kwamba kelele yenyewe siyo ya kuogopa sana? Cha kuogopa ni ukimya unaoikatiza. Koo likiziba kabisa, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mtu hushtuka akitweta na kuendelea kukoroma. Hali hiyo ikijirudia mara 30 au zaidi kwa saa, madaktari huiita kali. Mwenyewe kwa kawaida hana habari. Yeye huona tu kwamba anasinzia mchana, hata akiwa kwenye usukani, na presha haishuki. Shahidi ni mke au mume.

Je, wajua kwamba operesheni ya kwanza iliyofanikiwa kwa ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini haikugusa kimeo? Ilikuwa kutoboa shingo na kupitisha hewa chini ya palipoziba. Wajerumani walieleza matokeo yake mwaka 1969. Ilifaa, lakini nani anataka kuishi na tundu shingoni? Daktari Mjapani, Takenosuke Ikematsu, alikuwa tayari ameanza kupunguza nyama za koo tangu miaka ya 1950, na mwaka 1981 Shiro Fujita, kule Detroit, Marekani, alitangaza operesheni inayoondoa mafindofindo, kimeo na ukingo wa kaakaa laini. Koo huuma kwa wiki mbili hivi. Wengine hubaki na chai inayopandia puani, na kwa baadhi mkoromo hurudi baada ya miaka.

Kimeo chenyewe kina historia nyingine huku kwetu. Mtoto akikohoa wiki nzima, bibi hushauri apelekwe kwa mkata vimeo, na kinyama kinaondoka kwa wembe au kisu kilichopindwa, bila ganzi. Kikohozi kinabaki palepale, kwa sababu kimetoka kwenye mapafu au mafua. Kinachoongezeka ni damu kuvuja, usaha, pepopunda, na wembe uliopita kooni kwa mtoto mwingine. Kuna watoto waliokufa. Daktari wa upasuaji hugusa kimeo hichohicho, lakini kwanza anauliza kama ndicho kinachoziba. Jijini London, mwaka 1991, Croft na Pringle walieleza njia ya kulijua hilo: mgonjwa analazwa usingizi kwa dawa, kisha kamera nyembamba inapitishwa puani ili koo lionekane likibana. Pengine kosa liko kwenye ulimi, au kwenye taya, ambayo wapasuaji huikata na kuisogeza mbele kiasi cha sentimita moja.

Je, wajua kwamba ukipunguza kelele bila kutibu kukatika kwa pumzi, umezima king'ora tu na moto unaendelea?

Kwa watoto mambo ni mepesi zaidi. Anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kukojoa kitandani, mara nyingi ana nyama za puani au mafindofindo makubwa, na kuyaondoa humsaidia sana. Mzazi wa Buhongwa huanzia kituo cha afya. Ikihitajika rufaa, daladala itampitisha Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni hadi mjini, kisha apande kilima cha Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Je, wajua kwamba mshindani mkubwa wa kisu alizaliwa kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi? Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliitumia kusukuma hewa puani, kupitia barakoa, kwa mgonjwa aliyelala, akachapisha matokeo mwaka 1981. Hadi leo barakoa hiyo hutangulia upasuaji kwa watu wazima wengi.

Na mwaka 2006 watafiti wa Uswisi waliwafanyia wagonjwa 25 jaribio la ajabu: baadhi walifundishwa kupuliza didgeridoo, baragumu la Waaborijini wa Australia, kwa miezi minne. Hao walipungua kusinzia mchana. Ufundi wake ni kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yakipuliza bila kukatika, jambo ambalo wapiga zumari wa pwani yetu hulifanya harusini usiku kucha.