Fahali Akikimbia, Amesema Basi



Katika ziara zetu za mwaka huu kuna swali ambalo limetufuata kutoka kijiji hadi kijiji. Swali lenyewe ni hili: je, ni vizuri kikundi cha kujisaidia kuandaa mchezo wa kupiganisha mafahali ili kuchanga pesa? Katika kikundi kimoja swali hili lilileta mgawanyiko. Wazee walisema ni mila na tena watu hujaa sana, kwa hivyo pesa zitapatikana. Akina mama kadhaa walikataa. Walisema hawataki mradi wa maji unaoanza kwa damu ya ng'ombe. Mkutano ukavunjika bila uamuzi.

Hatutaki kuwaamulia. Lakini tunaweza kusaidiana kulitazama jambo hili kwa njia yetu ya kawaida: tuone kwanza, tupime, halafu tutende.

TUONE

Mchezo huu unajulikana sana katika Kaunti ya Kakamega, hasa kwa ndugu zetu Waisukha na Waidakho, sehemu za Khayega, Shinyalu na Malinya. Si kama ule wa Hispania, ambako mtu mwenye upanga huingia uwanjani kumwua fahali. Kakamega ni fahali kwa fahali. Mara nyingi hufanywa asubuhi na mapema, jua halijawa kali. Mafahali huletwa na vijana wakiimba, ngoma za isukuti zinalia, na watu husimama kuuzunguka uwanja. Mara nyingi hakuna ua wala kamba. Ua ni watu wenyewe.

Zamani mchezo huu ulihusiana sana na mazishi ya mzee mwenye heshima. Mafahali waliletwa nyumbani kwake katika sherehe inayoitwa shilembe, kama njia ya kumuaga mtu mkubwa. Siku hizi hufanywa pia Jumamosi, sikukuu na siku za wanasiasa, na watu huwekeana pesa. Fahali anayeshinda hupanda bei na mwenyewe hupata jina.

Tuseme ukweli: fahali wa mchezo hutunzwa kuliko ng'ombe wengi. Hapigwi jembe. Hupewa majani mazuri na molasi. Ana mtunzaji wake, ana jina lake, na watoto wa kijiji wanamjua. Anayesema kwamba wenye mafahali hawawapendi wanyama wao hajawatembelea.

Lakini tuone na upande wa pili. Wako wanaozinoa pembe ili zidunge vizuri. Wako wanaompa mnyama pombe au bangi ili awe mkali. Wako wanaompiga fimbo akisitasita. Na baada ya mchezo kuna macho yaliyotobolewa, mbavu zilizodungwa, pembe zilizovunjika. Watu nao huumia. Mwezi wa Januari 2024, huko Ikolomani, fahali wa mchezo alimwua mtu aliyekuwa akimtunza, na baadaye fahali mwenyewe akauawa.

FAHALI HUSEMA KWA MIGUU

Hapa kuna jambo ambalo tunaomba kila kikundi kilizingatie. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na ni kweli. Hata malishoni watapigana. Lakini mchungaji yeyote anajua wanavyopigana. Kwanza hutazamana kwa ubavu kila mmoja aonyeshe ukubwa wake. Wanakwaruza udongo, wananguruma. Mara nyingi mmoja hugeuka na kwenda zake kabla hata ya kugusana. Wakigusana, wanasukumana vichwa mpaka mmoja anahisi amezidiwa, halafu anakimbia. Aliyeshinda humfukuza hatua chache na kurudi kula majani. Wamemaliza. Anayejulikana kuwa mkubwa amejulikana.

Yaani Mungu amempa fahali njia ya kusema "basi". Hana mdomo wa kusema, lakini ana miguu. Hata sheria ya mchezo wa Kakamega inakubali hivyo: fahali anayekimbia ndiye aliyeshindwa, na mchezo umekwisha.

Basi ubaya huingia wapi? Huingia pale binadamu anapoifunga ile njia ya kukimbia. Akigeuka anakuta ukuta wa watu na fimbo. Akitaka kutulia, pombe iliyo tumboni haimruhusu. Akisukumwa na pembe iliyonolewa, kusukumana kunakuwa kudungana. Akirudishwa uwanjani kwa sababu watu wamewekeana pesa na hawajaridhika, "basi" yake imekataliwa. Hapo hatuwezi tena kusema ni asili ya ng'ombe. Ni kazi ya mikono yetu.

TUPIME SABABU TUNAZOSIKIA

"Ni mila yetu." Mila ni mali, hatuitupi. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hii ni sifa kubwa. Lakini mila ya zamani ilikuwa na mipaka: ilikuwa na siku yake, wazee wake na sababu yake. Mchezo wa kila wiki wa kuwekeana pesa, fahali amelewa, ni mila ya nani? Tuwaulize wazee wenyewe. Wengi wao watakuwa wa kwanza kulalamika.

"Si tunawachinja na kuwala?" Swali zuri. Lakini hata anayechinja hupewa masharti: kisu kiwe kikali, mnyama asiteswe, afe haraka. Tunachinja kwa sababu ya chakula, na uchungu hautakiwi, tunaupunguza. Katika kupiganisha, uchungu ndio mchezo. Fahali wasipoumizana watu wanaondoka wakinung'unika. Hiyo ndiyo tofauti.

"Mbona ng'ombe wa jembe anapigwa na punda wa mkokoteni ana vidonda, na hamsemi?" Hapa tunapigwa sisi sote, na ni haki. Anayempakia punda magunia hadi magoti yanakunjika hawezi kuwacheka wenye mafahali. Kosa moja halifuti lingine. Yote mawili yapimwe kwa mizani moja.

"Italeta pesa." Huenda. Lakini hesabuni vizuri, kama tulivyojifunza katika semina ya miradi. Mtu akidungwa, nani atalipa hospitali? Fahali wa mwanachama akivunjika mguu, kikundi kitamlipa? Baba aliyeweka karo ya mtoto juu ya fahali aliyeshindwa, mkewe atakuja mkutanoni na uso gani?

SHERIA NA KANISA

Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ni makosa kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumpakia kupita kiasi, kumkasirisha au kumtisha kikatili. Haijali kama mnyama ni wako. Kununua ng'ombe si kununua ruhusa ya kumtesa.

Upande wa kanisa, swali hili si la jana. Mwaka 1567 Papa Pius wa Tano alipiga marufuku michezo ya mafahali na kutangaza adhabu ya kutengwa na kanisa, hasa kwa sababu watu walikuwa wanakufa humo. Je, ilikwisha? Haikwisha. Mwaka 1575 Papa aliyemfuata alilegeza amri hiyo kwa ajili ya Hispania, na mchezo unaendelea huko hadi leo. Nchi ya Kolombia, ambayo iliupata kutoka kwa Wahispania, ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuukomesha kufikia mwaka 2027. Funzo tunalolipata ni hili: amri ya juu bila watu wa chini kuelewa huchukua muda mrefu sana. Ndiyo maana tunaleta jambo hili katika vikundi, hatuleti kwa chifu.

TUJIFUNZE KUTOKA LAMU

Twende sasa pwani kidogo, kwa sababu kule kuna mchezo mwingine wa wanyama wenye mafunzo. Katika mji wa kale wa Lamu, vichochoro ni vyembamba na punda ndiye lori. Anabeba mawe, mchanga na mizigo ya dukani. Wakati wa Maulidi na sherehe nyingine kuna mbio za punda. Vijana hupanda bila tandiko na watu hushangilia kando ya bahari.

Mbio nazo zina hatari zake, kwa sababu kijana anayetaka kushinda anaweza kumchapa punda kupita kiasi. Lakini tangu 1987 kuna kituo cha kutibu punda bila malipo mjini humo. Pia kumekuwa na shindano la aina nyingine: punda huletwa wakaguliwe, na anayepata zawadi ni mwenye punda aliyetunzwa vizuri. Mgongo hauna kidonda? Kwato zimekatwa? Ana nyama mwilini?

Angalieni hapo. Zawadi ndiyo inayofundisha. Ukitoa zawadi kwa fahali aliyedunga, watu watanoa pembe. Ukitoa zawadi kwa mnyama mwenye afya, watu watatafuta dawa ya kupe. Watu ni wale wale, hamu ya kushindana ni ile ile, lakini mnyama anarudi nyumbani tofauti.

MASWALI MANNE YA KUPIMIA

Kabla ya kikundi kuandaa burudani yoyote yenye mnyama, iwe mafahali, majogoo, punda au tumbili wa kuchezeshwa sokoni, jiulizeni:

1. Je, mnyama anaweza kuacha? Akitaka kuondoka, njia iko wazi au tumeifunga?

2. Je, tumempa kitu cha kumbadilisha, kama pombe, bangi au pembe ya kunolewa? Kama mchezo hauwezekani bila hivyo, basi mnyama hakuutaka.

3. Je, uchungu ni ajali, au ndio watu wanakuja kuutazama?

4. Je, kesho yake nani anabaki na mnyama? Kuna pesa ya daktari wa mifugo, au atatibiwa kwa majivu na maombi?

Kwa maoni yetu, mchezo ukishindwa hata swali moja kati ya haya, kikundi cha kujisaidia kisiuandae. Mnyama hapati shilingi katika harambee yetu. Si haki yeye peke yake atoe damu.

TUTENDE

Kwa vikundi vinavyotaka kuchanga pesa na bado kuheshimu mila, tunapendekeza:

– Mashindano ya isukuti kati ya vijiji. Watu watajaa kwa sababu ya ngoma.

– Maonyesho ya mifugo. Kila mwanachama alete ng'ombe, mbuzi au punda wake na kulipa kiingilio kidogo. Ofisa wa mifugo awe mwamuzi. Fahali mkubwa apite uwanjani kwa fahari, aimbiwe, apigwe picha, na arudi nyumbani akiwa mzima. Siku hiyo hiyo ofisa anaweza kufundisha juu ya chanjo na kupe.

– Kuvuta kamba, mbio za baiskeli na mpira. Hapa anayechoka anaweza kusema mwenyewe.

Na mahali ambapo mchezo wa mafahali bado unafanywa na wengine, msikae kimya. Waendeeni wazee kwa heshima na mwombe mambo haya: pombe na bangi zikatazwe, pembe zisinolewe, fahali anayegeuka aachiwe njia na asirudishwe, watoto wasimame mbali, na daktari wa mifugo awepo. Mwenye fahali akatazwe kumleta mnyama mwenye kidonda kibichi. Hii si kubariki mchezo. Ni kupunguza maumivu wakati mazungumzo yanaendelea.

Fahali akiwa amedungwa, msingoje. Oshea kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, zuia nzi, na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akiwa anahema mdomo wazi na ulimi nje, mpelekeni kivulini na mwacheni apumzike, asizungukwe na watu. Akidungwa sindano, muulizeni daktari ni siku ngapi za kungoja kabla ya nyama au maziwa kutumiwa.

MAJADILIANO KATIKA KIKUNDI

Gawanyikeni watu watano watano. Hakikisheni akina mama na vijana wanasema, si wazee pekee.

1. Katika kijiji chetu, ni michezo gani inayotumia wanyama? Nani anafaidika na nani anaumia?

2. Wazee waeleze: zamani mchezo huu ulifanywa lini, na ni nani aliyekuwa na amri ya kuusimamisha? Leo amri hiyo iko kwa nani?

3. Wanyama wetu wa kazi, punda na ng'ombe wa jembe, wangepitaje katika yale maswali manne?

4. Ni jambo gani moja ambalo kikundi chetu kinaweza kubadilisha kabla ya sikukuu ijayo? Nani atalifuatilia?

Andikeni majibu katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano, na katibu aje nacho katika semina ya parokia. Tungependa sana kujua mlivyoamua, hata kama hamkukubaliana na sisi.